Mchezo Ukiisha, Mswada Uko Wapi? Tamasha la Drama na Tamthilia ya Kiswahili katika Shule za Meru na Embu

Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya tamasha la drama la shule na ufundishaji wa tamthilia ya Kiswahili katika shule za upili za Meru na Embu. Suala lenyewe si geni kwa mwalimu yeyote aliyewahi kulea chama cha drama. Kila mwaka, kati ya Februari na Aprili, wanafunzi wetu huigiza michezo, hutongoa mashairi, husimulia hadithi na kucheza ngoma bunifu mbele ya hadhira ambayo mwandishi yeyote wa Kiswahili angeionea wivu. Mwezi wa Mei ukifika, wanafunzi wale wale huketi darasani na tamthilia teule mikononi, wakaisoma kama orodha ya maudhui na sifa za wahusika. Ule mchezo waliouigiza haupo tena. Mswada wake haumo maktabani, haumo katika kabati la idara, na aghalabu hata waigizaji hawana nakala.

Hoja ya makala haya ni kwamba tamasha la drama ndilo tamasha kuu la fasihi katika sehemu hizi. Lina hadhira, lina waamuzi na lina ushindani, lakini halina wasomaji. Limekosa pale mahali ambapo maandishi husomwa, hujadiliwa, hukosolewa na kuandikwa upya. Kukosekana kwa mahali hapo kunamdhuru mwandishi chipukizi, na pia kunamdhuru mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu.

Tamasha lenyewe na mahali pake

Tamasha la drama la shule nchini Kenya lilianza mwaka wa 1959. Hapo mwanzoni lilitawaliwa na shule za Wazungu na michezo ya Kiingereza. Baada ya uhuru lilipanuka, likazikaribisha shule na vyuo vya kila aina, na Kiswahili kikajipatia nafasi yake jukwaani. Baadaye filamu nazo zikaongezwa. Mashindano huanzia ngazi ya chini, yakapanda hadi kaunti, kanda na hatimaye taifa. Washindi hualikwa kuigiza mbele ya Rais.

Kwa miaka mingi shule za Meru na Embu zilikuwa chini ya Mkoa wa Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa mjini Embu hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013. Shule ya Maua, ya Chuka, ya Siakago au ya Runyenjes ilipofuzu, ilikutana na zile za Machakos, Kitui na Makueni. Mwaka wa 2024, Embu ilikuwa mwenyeji wa tamasha la kitaifa. Kwa hivyo, mwanafunzi wa sehemu hizi hana haja ya kuambiwa kwamba fasihi hufanyika Nairobi au Mombasa, kwa maana imekuja hadi mlangoni pake.

Aidha, eneo hili lina mapokeo yake ya maigizo. Ngoma za Wachuka, zinazobanwa baina ya miguu na kupigwa huku mpigaji akicheza, zimetumbuiza katika sherehe za taifa kwa miongo mingi. Baraza la Njuri Ncheke la Wameru limekuza ulumbi ambao mwalimu wa fasihi simulizi anaweza kuutolea mifano bila kwenda mbali. Mwanafunzi anayeulizwa kuhusu ulumbi, miviga au maigizo katika mtihani ana utajiri huu nyumbani kwao.

Tamasha bila kambi ya uandishi

Ili kulielewa pengo tunalolizungumzia, tutazame mfano wa aina nyingine. Mwaka wa 2006, shirika la Kwani?, lililoasisiwa na Binyavanga Wainaina na wenzake miaka michache kabla ya hapo, lilianzisha tamasha la fasihi lililofanyika Nairobi na Lamu mwezi wa Desemba. Lilishirikiana na semina za uandishi zilizokuwa zimeanzia St. Petersburg, Urusi, na ambazo jina lake lilitokana na kiangazi cha nchi za kaskazini. Washiriki walitoka nchi mbalimbali. Walisomeana rasimu, wakakosoana, kisha wakasikiliza waandishi waliobobea wakisoma kazi zao. Ingawa jarida la Kwani? lilitoa nafasi kwa Kiswahili na Sheng, lugha kuu ya shughuli hizo ilikuwa Kiingereza.

Mifano hii miwili inatofautianaje? Kambi ya Lamu ilikuwa na wasomaji wengi wa rasimu, lakini hadhira yake ilikuwa ndogo, na kwa mwanafunzi wa Kiswahili wa Igembe au Mbeere ilikuwa mbali kwa umbali, kwa gharama na kwa lugha. Tamasha la drama nalo lina umati wa watu katika ukumbi, lakini rasimu yake haina msomaji. Mswada huandikwa na mtu mmoja, mara nyingi kwa haraka, kisha hupelekwa moja kwa moja katika mazoezi. Anayeukosoa kwa mara ya kwanza ni mwamuzi, na kufikia hapo mambo yameshamwagika.

Hali hii imezaa jambo jingine ambalo walimu hulinong'ona zaidi ya wanavyolisema. Shule zenye uwezo hukodi waandishi na waelekezaji kutoka nje. Kumwalika msanii mwenye ujuzi si kosa, kwani mwanafunzi hujifunza kwa kumtazama fundi. Tatizo ni pale ambapo fundi huja na mswada uliokamilika, akaufundisha kwa wiki kadhaa, akalipwa na kuondoka nao. Mwanafunzi aliyesema maneno yale kwa ufasaha mkubwa hajui yaliandikwa vipi wala kwa nini yakaandikwa hivyo. Amekuwa kinywa cha kuazimwa. Shule isiyo na fedha za kukodi mtu nayo hukata tamaa, ikadhani kwamba uandishi ni mali ya wenye pesa.

Kuisoma tamthilia kwa jicho la jukwaa

Je, haya yanamhusu vipi mtahiniwa? Tuchukue tamthilia ya Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia, iliyotahiniwa katika miaka ya 2000 na ambayo bado inafaa kurejelewa. Mwandishi huyu ni mzaliwa wa Tharaka, nchi kavu iliyo kati ya Meru na Embu. Tamthilia inahusu nchi ya kubuni ya Butangi, inayotawaliwa kwa mkono wa chuma na Bokono. Watawala wamevihodhi visima vya maji. Mwelusi anawaongoza wananchi kudai haki yao, anafungwa na kuteswa, na hatimaye anauawa kisimani na Gege, nduguye wa damu, aliyeahidiwa kumwoa Alida, binti wa mtawala.

Majibu ya kawaida ya mtahiniwa tunayajua: kisima ni ishara ya rasilimali za taifa, Gege ni msaliti, mwenye tamaa na katili, Mwelusi ni jasiri na mzalendo. Majibu haya si mabaya, na humpatia mtahiniwa alama zake. Hata hivyo, yanaweza kuandikwa na mtu ambaye hajaifungua tamthilia yenyewe, mradi amesoma mwongozo.

Sasa tuchukulie kwamba shule moja ya Tharaka au Mbeere inataka kuigiza onyesho la mauaji. Jambo la kwanza litakalowakabili ni kisima. Kitawekwa wapi jukwaani? Kitatengenezwa kwa nini? Waigizaji hawa wanajua foleni ya mitungi, wanajua punda anayesubiri mzigo, wanajua jinsi watu wanavyotazamana wakati maji yanapokuwa machache. Kwao, kisima si ishara kwanza. Ni kisima. Kinakuwa ishara kwa sababu ni kisima kweli, mahali ambapo mtu hafiki ila kwa kuwa anataka kuishi. Mwandishi amechagua kumuua shujaa wake mahali pa uhai, na kwa mkono wa mtu aliyenyonya titi moja naye. Kinaya hiki hakihitaji kuelezwa kwa hadhira ya Marimanti au Siakago. Huenda kikahitaji kuelezwa kwa wanafunzi wa Imenti au wa nyanda za majani chai juu ya Runyenjes, ambako mito hutiririka mwaka mzima. Hapo ndipo mwalimu wa juu na wa chini ya mlima wanapaswa kubadilishana madarasa.

Tunaweza kwenda mbali zaidi. Mto Tana, unaopita kwenye mpaka wa Mbeere, umejengewa msururu wa mabwawa ya umeme, kuanzia Kindaruma lililokamilika mwaka wa 1968 hadi Kiambere la mwaka wa 1988. Kuna watu ambao wameishi karibu na maji hayo yote huku wakitafuta maji ya kunywa mbali na nyumbani. Hatudai kwamba mwandishi aliandika kuhusu mabwawa haya. Tunachosema ni kwamba msomaji wa eneo hili anapoisoma tamthilia, swali la nani anamiliki maji na nani anayateka linamfikia likiwa na uzito usioweza kupatikana katika mwongozo.

Jambo la pili ni Gege. Mwigizaji aliyepewa nafasi hii hawezi kuridhika na neno "msaliti". Atamuuliza mwelekezaji: naingia kwa hatua ya namna gani? Namtazama ndugu yangu au naangalia chini? Nikitajiwa Alida, nafurahi au naona haya? Haya ni maswali ya usawiri wa wahusika, tena ya kiwango cha juu kuliko yale tunayoyauliza darasani. Mwanafunzi aliyeyajibu kwa mwili wake hataandika kwamba mhusika "ana tamaa" bila kuonyesha tamaa hiyo inatenda kazi gani.

Vivyo hivyo katika Natala (1997), tamthilia nyingine ya mwandishi huyo huyo. Mjane Natala anakataa kurithiwa na shemeji yake Wakene. Anayesoma kimya anaona maudhui ya utamaduni na haki za wanawake. Anayeigiza analazimika kuamua Natala atasimama wapi shemeji anapoingia, na ni nani kati yao atakayekuwa na nafasi kubwa zaidi jukwaani. Uamuzi huo ni uhakiki kamili.

Tamthilia za karibuni zinatoa nafasi hiyo hiyo. Katika Kigogo ya Pauline Kea, kufungwa kwa soko la Chapakazi ni suala la kiuchumi kwenye karatasi. Jukwaani ni watu wenye bidhaa wasio na pa kuzitua. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Sara anaugua, na kazi za nyumbani zilizozoeleka kuwa za mke zinamkabili Yona, mumewe. Mwalimu na ampe mvulana mmoja sufuria na mwiko, asimame mbele ya darasa kama Yona. Kicheko kitakachozuka kitakuwa mwanzo mzuri wa mjadala wa jinsia, kwa sababu kila mmoja atalazimika kujiuliza amecheka nini.

Mtahiniwa na azingatie pia swali la dondoo. Anapoulizwa aweke dondoo katika muktadha wake, anatakiwa kueleza msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi na ni kwa sababu gani. Maswali haya manne ndiyo yale yale ambayo mwelekezaji huyauliza siku ya kwanza ya mazoezi. Mwanachama wa chama cha drama amekwisha kuyajibu mara mia bila kujua kwamba alikuwa akijiandaa kwa mtihani.

Hofu ya maneno

Hatuwezi kulizungumzia jukwaa la shule bila kutaja hofu. Mwaka wa 2013, mchezo wa Shackles of Doom wa Shule ya Wasichana ya Butere ulizuiwa kuingia katika tamasha la kitaifa, hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uruhusiwe. Mwaka wa 2025, shule hiyo hiyo ilikuja na Echoes of War. Mahakama Kuu iliingilia kati kwa mara nyingine. Hata hivyo, huko Nakuru, polisi walitumia gesi ya kutoa machozi kutawanya watu, mwandishi wa mchezo, Cleophas Malala, alikuwa amezuiliwa na polisi, na wasichana waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani bila kuigiza.

Michezo hii ilikuwa ya Kiingereza na ya shule ya magharibi mwa nchi, lakini funzo lake linatuhusu sote. Watu wengi waliizungumzia kwa ukali, wengine wakiisifu na wengine wakiilaani, ilhali wachache sana walikuwa wameisoma au kuitazama. Pale ambapo mswada haupatikani kwa urahisi, uvumi huchukua nafasi ya uhakiki. Kama desturi yetu ingekuwa kuisoma michezo ya shule kama fasihi, kuijadili na kuihifadhi, mjadala ungehusu mambo yaliyomo ndani ya kazi yenyewe. Tena ni jambo la kustaajabisha kwamba wanafunzi wetu wa miaka iliyopita walitahiniwa kuhusu dhuluma za Bokono wa Butangi na Majoka wa Sagamoyo. Tunawapa alama kwa kueleza udhalimu ulio kitabuni, kisha tunatetemeka wanapoandika wao wenyewe.

Haki kwa mchezo wa tamasha

Ni sharti tuseme pia kwamba michezo mingi ya tamasha ina udhaifu. Kwanza, mingi huhubiri. Mhusika mmoja hupewa hotuba ya mwisho inayoeleza yale yote ambayo hadhira imekwisha kuyaona. Pili, miisho yake huwa ya ghafla: mwovu hutubu, polisi huingia, au mgonjwa hupona kwa sababu dakika zimekwisha. Tatu, kuna mtindo wa kufuata mada za msimu. Mwaka mmoja kila shule ina mchezo wa dawa za kulevya, mwaka mwingine kila shule ina mchezo wa mitandao ya kijamii. Nne, baadhi ya michezo hutafuta kicheko kwa kuiga lafudhi ya kabila fulani, nasi Wameru na Waembu tumechekwa vya kutosha kuujua uchungu wake.

Udhaifu huu haupaswi kuwa sababu ya kuidharau michezo hii. Kinyume chake, ndio unaothibitisha kwamba inahitaji msomaji kabla ya mwamuzi. Hotuba ya mwisho ingefutwa katika rasimu ya pili iwapo mtu mmoja tu angeuliza, "Hili hatujaliona tayari?"

Mapendekezo

Yapo mambo ambayo idara ya Kiswahili inaweza kuyafanya bila fedha nyingi.

Kwanza, kila mchezo na kila shairi linaloigizwa lihifadhiwe kwa nakala mbili, moja maktabani na nyingine katika idara, likiwa na jina la mwandishi, mwaka, na orodha ya waigizaji. Baada ya miaka 5 shule itakuwa na diwani yake.

Pili, paandaliwe kambi fupi ya uandishi, ya siku 2 au 3, mwishoni mwa muhula wa pili. Agosti katika miteremko ya Mlima Kenya ni mwezi wa baridi na ukungu, ambapo watu hukaa ndani, na msimu wa drama bado uko mbali kwa miezi mitano au sita. Rasimu iliyoandikwa wakati huo ina muda wa kuiva. Wahusika wawe wanafunzi waliojitolea, kwa idhini ya wazazi na usimamizi wa shule. Kambi hii isigeuzwe kuwa masomo ya ziada ya likizo, ambayo yamepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013. Kila mwanafunzi aje na onyesho moja, lisomwe kwa sauti na wenzake, wamweleze mahali walipochoka na mahali walipotaka kusikia zaidi, kisha aliandike upya.

Tatu, shule jirani zibadilishane miswada baada ya tamasha. Shule ya Chuka isome ya Embu, ya Embu isome ya Maua, na kila mmoja aandike uhakiki wa ukurasa mmoja. Ushindani ukiisha, usomaji uanze.

Nne, msanii akialikwa kutoka nje, awekewe sharti moja: aandike pamoja na wanafunzi. Asiwaandikie.

Mapendekezo haya yana umuhimu zaidi wakati huu ambapo mtaala wa umilisi umefika sekondari ya juu. Mkondo wa sanaa na michezo una somo la uigizaji na filamu. Walimu watakaolifundisha watahitaji matini za vijana, nazo hazitanunuliwa dukani.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tamasha la drama ni hazina ya fasihi ya Kiswahili katika Meru na Embu, lakini ni hazina inayomwagika kila Aprili. Tumeona kwamba mwanafunzi anayeigiza huisoma tamthilia teule kwa undani zaidi, na kwamba anayeandika na kuandika upya huelewa fani kuliko anayeikariri. Mtoto wa Tharaka aliyekua akiyajua maji kwa thamani yake aliandika tamthilia iliyosomwa na Kenya nzima. Huenda mwingine yuko shuleni hivi sasa, na mswada wake umekunjwa chini ya godoro bwenini. Mwalimu wake ndiye atakayeamua kama utasomwa.

Maswali ya marudio

1. "Kisima ni mhusika katika tamthilia ya Kifo Kisimani." Jadili. (alama 20)

2. Chagua onyesho moja kutoka Bembea ya Maisha. Eleza jinsi ungeliwasilisha jukwaani, ukizingatia maleba, vifaa, mwendo na kimya. (alama 10)

3. Fafanua tofauti nne kati ya kuisoma tamthilia na kuitazama ikiigizwa. (alama 8)

4. Hakiki mchezo wowote wa Kiswahili ulioigizwa na shule yako katika tamasha la drama. Onyesha ubora wake na udhaifu wake. (alama 20)